Je, Jino Lililooza Laweza Kupona?

Katika wilaya za Masasi na Newala, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, maumivu ya jino yana tiba moja inayojulikana na kila mtu, nayo ni kung'oa. Mtu huvumilia wiki, huvumilia mwezi, hutafuna kwa upande mmoja, hulala na kitambaa cha moto shavuni, na siku anapoamua kupanda gari kwenda Newala mjini au hospitali ya Mkomaindo huwa amekwisha kujitolea hukumu mwenyewe. Haendi kuuliza jino lina nini. Anakwenda kuling'oa, arudi nyumbani, na mambo yaishe.

Kumbe mambo hayaishi. Gego likitoka, mfupa wa taya uliokuwa umelishika huanza kupungua, meno ya jirani huinamia pengo, na jino la juu lililokosa mwenzake wa kukutana naye hushuka polepole. Miaka inapita, mengine yanafuata, na mzee aliyekuwa akitafuna korosho na muhogo mkavu anabaki kuchagua chakula kilaini. Wasomaji wengi wa ukurasa huu waishio Dar es Salaam, Mtwara na Lindi wana wazazi huko juu katika Uwanda wa Makonde, au huko Masasi penye majabali, chini ya uwanda upande wa magharibi. Wanapokwenda likizo huyaona mapengo hayo, na pengine wameanza kuyaona katika vioo vyao wenyewe.

Tangu mwaka 2024 kumeenea habari kwamba huko Kyoto, Japani, wataalamu wameanza kuwajaribia watu dawa inayokusudiwa kuotesha meno mapya. Habari hizo ni za kweli, nasi tutazieleza. Lakini msomaji anayesubiri meno ya Kyoto huku akiacha magego yake yaoze anafanya biashara mbaya. Karibu tiba zote za kisasa zinazofufua jino au ufizi zina sharti moja: ni lazima pawe na kitu kilicho hai kilichobaki, ili tiba ikisaidie kukua. Jino lililokwisha kutupwa ndani ya beseni la hospitali halina msaada tena.

Kinachoota na kisichoota

Jino lina matabaka. Juu kabisa iko enameli, kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, ambacho uzito wake karibu wote ni madini. Chini yake iko dentini, yenye rangi ya manjano kidogo na vijitundu vyembamba mno, na katikati ya dentini kimo kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mzizi umeshikwa ndani ya mfupa wa taya kwa nyuzi fupi zenye nguvu, na ufizi umefunika shina lote kama nguo.

Enameli haina uhai. Chembe zilizoijenga hutoweka wakati jino linapochomoza, na kwa hiyo enameli ikivunjika haioti tena, hata kwa mtoto mdogo. Hata hivyo isidhaniwe kwamba ni jiwe lisilobadilika. Kila tunapokula kitu kitamu, vijidudu vilivyomo katika ukoga hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi huchomoa madini kutoka katika enameli; baada ya muda mate huyarudisha. Ni biashara ya kutoa na kuingiza mchana kutwa. Anayekunywa chai ya sukari nyingi asubuhi, soda saa nne, chai tena saa kumi, na kati ya hizo akamung'unya peremende, hutoa kuliko anavyoingiza. Dalili ya kwanza ni doa jeupe kama chokaa, mara nyingi karibu na ufizi. Doa hilo hupona kabisa au husimama pale pale, iwapo sukari itapunguzwa na meno yatapigwa mswaki kwa dawa yenye madini ya floraidi, ambayo huyasaidia madini mengine kurudi na kushika. Likishapasuka na kuwa tundu, mate peke yake hayawezi kulijaza.

Dentini ni habari nyingine. Ukingoni mwa kiini zimo chembe hai ambazo kazi yake ni kujenga dentini maisha yote ya mtu. Zikihisi hatari inakaribia kutoka juu, hujenga ukuta mwingine kwa ndani, na kiini hurudi nyuma ya ukuta huo. Wazee wa Kimakonde na wa Kimakua waliochongwa meno ya mbele ujanani walikuwa na ushahidi wa jambo hilo vinywani mwao. Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka Masasi na Newala mwaka 1906 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1908, aliandika juu ya meno hayo yaliyochongwa, na juu ya ndonya, kile kipande cha mti cha mviringo ambacho akina mama walivaa katika mdomo wa juu. Kuchonga huondoa enameli na kuiacha dentini wazi. Mchongaji aliyekwenda taratibu bila kuingia ndani alimwachia kijana jino ambalo kiini chake kiliweza kujijengea kinga, nalo likaishi. Aliyekwenda ndani mno aliua kiini, na jino likageuka jeusi na kutoa usaha. Mila hiyo imefifia, wala hatuitaji hapa kwa kuisifu. Twaitaja kwa kuwa watu waliitegemea nguvu ya jino kujiponya kabla ya darubini kuwaonyesha wataalamu jinsi inavyofanya kazi.

Vijiko vya chuma badala ya mashine

Nguvu hiyo hiyo ndiyo msingi wa tiba moja iliyozaliwa hapa hapa Tanzania, na ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu yawafaa watu wa Masasi na Newala kuliko tiba zote zitakazotajwa katika makala haya.

Mafunzo ya udaktari wa meno yalianzishwa Muhimbili mwaka 1979. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka kuwa daktari wa meno ilimlazimu kwenda kusomea nchi za nje. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Dk. Leader Stirling, ambaye wazee wa Masasi walimfahamu kwa kazi nyingine kabisa, kwani ndiye aliyekuwa daktari mpasuaji wa misheni huko Lulindi tangu miaka ya 1930. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo hicho cha meno cha Dar es Salaam, alikabiliana na tatizo ambalo kila mganga wa wilayani analifahamu. Mashine ya kuchimba meno yataka umeme, maji, vipuri na fundi. Kimoja kikikosekana, kinachobaki mezani ni koleo la kung'olea.

Jibu lake lilikuwa kuiacha mashine. Uozo uliolainika hukwanguliwa kwa mkono, kwa vijiko vidogo vya chuma na patasi ndogo, kisha tundu huzibwa kwa saruji maalumu ya meno. Saruji iliyokuja kutumika zaidi ni ile iitwayo glasi ayonoma, iliyobuniwa Uingereza na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Saruji hiyo hushikana na jino lenyewe, na tena hutoa floraidi kidogo kidogo. Mara nyingi mgonjwa hahitaji hata sindano ya ganzi, maana kinachokwanguliwa kimekwisha kufa na hakina maumivu.

Hapa ndipo penye jambo linalowashangaza watu wengi. Mtaalamu hakwangui uozo wote. Akifika karibu na kiini huacha tabaka jembamba la dentini iliyolainika na kulifunika. Vijidudu vilivyofungiwa chini ya saruji hukosa sukari na kudhoofika. Chembe za kiini hupata nafasi ya kujenga ukuta wao. Na ile dentini laini huanza kuwa ngumu tena. Kwa hiyo kuziba jino kwa njia hii si sawa na kuziba pakacha lililotoboka. Ni kulipa jino muda na faragha ya kujiponya.

Njia hiyo, ambayo dunia nzima huiita kwa herufi za ART, ilijaribiwa vijijini Thailand na Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa. Mwaka 2021 shirika hilo hilo liliiingiza saruji ya glasi ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na maji ya madini ya fedha na floraidi. Maji hayo hupakwa juu ya jino lililooza ili kuusimamisha uozo. Yana kasoro moja ambayo mzazi aambiwe mapema: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na kubaki hivyo. Kwa gego la utoto la mtoto anayelia kila aonapo koti jeupe, weusi huo ni gharama ndogo.

Njia ya ART ina mipaka yake. Katika tundu dogo la upande mmoja wa gego saruji hukaa miaka. Katika tundu kubwa lililokula pande mbili au tatu hubanduka upesi zaidi. Wala haifai pale kiini kilipokwisha kufa. Msomaji anaweza kujipima kwa kiasi fulani. Jino linalochoma kwa maji baridi au kitu kitamu, na kutulia mara kitu hicho kinapoondoka, kwa kawaida bado lina kiini kinachoweza kuokolewa. Jino linaloamka lenyewe usiku wa manane na kudunda kwa saa nzima limekwisha kupita hapo, na jino lenye kijipu kinachotoa usaha penye ufizi kiini chake kimekufa. Hilo litahitaji kusafishwa mizizi au kung'olewa. Tofauti kati ya lile la kwanza na haya mawili pengine ni miezi michache tu ya kuvumilia.

Mafuta ya taa, tumbaku, maji ya betri na vidonge vya aspirini vilivyopondwa havina kazi yoyote ndani ya tundu la jino. Vyote huunguza au kukera nyama ya kinywa, na baadhi huua kile kiini ambacho daktari angekiokoa.

Magugu na muhogo

Tuje kwenye fizi, ambazo wengi huzisahau kwa sababu haziumi. Ukoga usiposwakiwa huganda na kuwa ugaga, ule ugumu wa rangi ya kahawia unaoshika shingo ya jino, na ufizi hujibu kwa kuvimba na kutoa damu. Hadi hapo bado hakuna kilichopotea: ugaga ukiondolewa na mtu akipiga mswaki vizuri, ufizi hurudi katika hali yake kwa siku chache. Hatari ni pale ugonjwa unaposhuka chini na kuanza kula nyuzi na mfupa unaolishika jino. Jino huonekana limekuwa refu, kisha huanza kucheza, na mtu mwenye umri wa miaka 45 humwambia daktari aling'oe, ingawa halina hata tundu moja. Katika ripoti yake ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi.

Kwa nini ufizi uliokatwa hupona haraka hivyo, lakini mfupa uliopotea haurudi? Swali hilo liliwasumbua wataalamu miaka mingi. Jibu lake mkulima yeyote wa Newala angelielewa kwa mara ya kwanza kuambiwa. Shamba likisafishwa, kinachoota kwanza ni magugu. Ndani ya kidonda kilichosafishwa kandokando ya mzizi, ngozi ya ufizi ndiyo yenye mwendo wa kasi. Huteremka na kulala juu ya mzizi kabla nyuzi na mfupa, ambavyo ni vizito kukua, havijaanza hata kuchipua. Nafasi ikishachukuliwa, basi.

Mwaka 1982 Sture Nyman na wenzake wa Sweden na Denmark walieleza jinsi walivyoweka utando mwembamba, kama ua wa shamba, kati ya ufizi na mzizi wa jino la binadamu. Ngozi ikazuiwa nje ya ua. Ndani ya ua, nyuzi mpya zikaota na kuushika tena mzizi. Huo ulikuwa mlango mpya. Utando wa kwanza ulikuwa wa vitu visivyoyeyuka, hivyo ikabidi ufizi ufunguliwe mara ya pili kuutoa. Siku hizi hutumika zaidi utando unaoyeyuka wenyewe mwilini. Katika miaka ya 1990 watu wa Sweden wakaja na jambo jingine: protini zitokanazo na enameli changa, hupakwa juu ya mzizi uliosafishwa, na kuzihimiza chembe kurudia kazi zilizoifanya wakati jino lilipokuwa likiumbika. Dawa hiyo huuzwa kwa jina la Emdogain.

Pana jambo hapa ambalo matangazo hayalitaji mbele. Protini hizo hutolewa katika meno machanga ya nguruwe, na aina nyingi za utando na unga wa mfupa hutokana na nguruwe au ng'ombe. Katika Newala, ambako Waislamu ni wengi, na katika Masasi ambako misikiti na makanisa husikilizana kengele na adhana, mgonjwa anayo haki ya kumwuliza daktari kitu anachowekewa kimetoka wapi, na kushauriana na viongozi wake wa dini kabla, si baada. Njia nyingine zipo. Mojawapo ni ile iliyoelezwa na Mfaransa Joseph Choukroun mwaka 2001: damu ya mgonjwa mwenyewe hutolewa kidogo mkononi, huzungushwa kwa kasi katika mashine hadi igawanyike, na ule utando wa manjano unaoganda katikati, uliojaa vichocheo vya kuponya kidonda, huwekwa mahali palipopotea mfupa. Hakuna mnyama anayehusika, wala hakuna kinachoagizwa ng'ambo isipokuwa mashine na vibomba vyake.

Lakini hata njia hizi hazirudishi kila kitu. Hufaulu zaidi pale mfupa ulipoliwa kwa namna ya shimo jembamba lenye kuta, kwa sababu shimo hushika kile kinachopandwa. Pale mfupa uliposhuka wote kwa usawa kuzunguka meno, hakuna ua utakaosimama. Mvutaji wa sigara, na mwenye ugonjwa wa kisukari ambao haujadhibitiwa, hupata nafuu ndogo kuliko wengine, maana damu yao haihudumii kidonda vizuri. Tena hakuna daktari bingwa atakayekubali kufanya upasuaji wa namna hii katika kinywa chenye ugaga. Huanza kwa kusafisha, na kusafisha huko ni kazi inayofahamika na wataalamu wa meno hata wasio mabingwa. Wagonjwa wengi hugundua kwamba baada ya hatua hiyo ya kwanza, fizi zimetulia na upasuaji haukuhitajika.

Damu ndani ya mzizi

Msimu wa mabibo na maembe watoto hupanda miti, na wanaopanda huanguka. Jino la mbele la mtoto wa miaka 8 likivunjika na kiini kikafa, ni msiba mkubwa kuliko lile la baba yake, kwa sababu mzizi wa jino la mtoto bado haujakamilika. Ncha yake iko wazi kama mdomo wa bomba, na kuta zake ni nyembamba. Zamani daktari aliweza kuifunga ncha hiyo kwa dawa ya chokaa, kwa miezi mingi, lakini mzizi ulibaki mfupi na dhaifu, na mara nyingi ulivunjika.

Mwaka 2001 Wajapani, na mwaka 2004 Francisco Banchs na Martin Trope, walieleza njia iliyo tofauti. Ndani ya mzizi husafishwa kwa dawa, bila kukwangua kuta; kisha daktari huchokoza kwa makusudi nyama iliyo nje ya ncha ili damu ipande ndani ya mzizi na kuganda. Juu ya damu hiyo huwekwa kizibo. Katika nyama ya ncha ya jino changa zimo seli shina, yaani chembe ambazo hazijachagua bado kazi moja, na damu iliyoganda huwa kichanja cha kupandia. Miezi inavyopita, picha za eksirei mara nyingi huonyesha mzizi ukirefuka na kuta zikinenepa. Si kila jino hukubali, na kinachoota ndani si mara zote kiini kamili kama cha awali. Lakini jino hubaki mahali pake.

Seli shina hizo zilitambuliwa ndani ya kiini cha jino mwaka 2000 huko Marekani, na mwaka 2003 ikaelezwa kwamba zimo hata katika meno ya utoto yanayodondoka yenyewe. Mtafiti mmoja wa kundi hilo, Songtao Shi, aliyachunguza baada ya jino la binti yake mwenyewe kutoka. Tangu hapo katika nchi tajiri yamezuka makampuni yanayowatoza wazazi fedha ili kuyahifadhi meno ya watoto katika barafu. Sisi wengine tuliyarusha juu ya paa tukaomba tuletewe mapya, na hadi sasa hakuna sababu ya mzazi wa Tandahimba au wa Temeke kujilaumu, kwa kuwa tiba nyingi ambazo makampuni hayo huziahidi bado ni utafiti.

Na Kyoto? Wataalamu wakiongozwa na Katsu Takahashi waligundua kwamba mwilini kuna protini inayozuia meno ya ziada yasiote. Walipoizuia protini hiyo, wanyama wa maabara wakaota jino; matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Jaribio lililoanza mwaka 2024 liliwahusu wanaume 30 waliopungukiwa na jino, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuona kama dawa ina madhara. Wanaokusudiwa kutangulia kutibiwa ni watu waliozaliwa bila baadhi ya meno. Mwenye pengo lililotokana na soda atangoja sana.

Mbegu zinazong'olewa

Wakati wenzetu wanatafuta jinsi ya kuotesha jino moja, wako miongoni mwetu wanaong'oa meno ambayo hayajaota. Katika miaka ya 1980 ilianza kusikika katika mikoa mbalimbali ya Tanzania habari ya «meno ya plastiki», au ya nailoni. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, huambiwa ana meno ya bandia ndani ya ufizi, na mtu asiye na elimu ya tiba huupasua ufizi kwa kisu au kwa kipande cha waya na kutoa vitu vyeupe laini. Vitu hivyo vyeupe ni mbegu za chonge za utoto. Havioti tena. Na kwa kuwa mbegu ya chonge la ukubwani hukaa jirani kabisa, nayo huweza kujeruhiwa, ikatoa jino lililopinda au isitoe kitu. Hayo ni madogo. Damu hupotea, vidonda huingia vijidudu, na kuharisha kwenyewe, ambako kulihitaji maji ya chumvi na sukari na kupelekwa zahanati, huendelea kumkausha mtoto. Watoto wamekufa hivyo. Bibi akiwashauri, mheshimuni, mshukuruni kwa upendo wake, na mumpeleke mtoto zahanati.

Mate na maji

Uwanda wa Makonde una udongo mzuri wa mikorosho na muhogo, na una tabu moja kubwa ya kihistoria: maji. Kwa vizazi vingi akina mama wa Newala waliteremka mabondeni kuyatafuta na kupanda nayo kichwani. Basi ni vyema wajue kwamba kupiga mswaki hakuhitaji maji mengi. Kwa kweli wataalamu wa leo hushauri kutema povu na kuacha kusukutua, ili floraidi ibaki juu ya meno usiku kucha. Kikombe kizima cha kusukutua huiosha dawa iliyonunuliwa kwa fedha. Mswaki wa kijiti uliotafunwa ncha nao husafisha vizuri ukitumiwa kwa makini, ila hauna floraidi. Anayeutumia na aupake dawa ya meno kidogo. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, dawa iwe kiasi cha punje ya mchele.

Wasomaji wenye asili ya Arusha, Kilimanjaro au Singida pengine watashangaa kuona floraidi ikisifiwa hivi, maana kwao, katika ukanda wa Bonde la Ufa, maji yenyewe huwa na floraidi nyingi kupita kiasi na huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia yasiyotoka. Wana haki ya kushangaa. Madini yale yale, kwa kiasi kingine, ni ugonjwa. Lakini uwanda wa Makonde hauko katika ukanda huo.

Jino likidondoka

Limebaki jambo ambalo halihitaji bingwa wala mashine, bali mtu mzima aliye karibu kwa dakika chache za kwanza. Jino la ukubwani likipigwa na kutoka zima pamoja na mzizi wake, laweza kurudishwa na kushika tena, kwa kuwa zile nyuzi zilizoganda juu ya mzizi bado zi hai. Zikikauka juani hufa. Liokoteni kwa kulishika upande wa kutafunia, msiuguse mzizi wala msiusugue. Kama lina mchanga, lisuuzwe kwa muda mfupi sana kwa maziwa au kwa maji baridi, kisha lirudishwe katika tundu lake likiwa limeangalia upande wake, na mtoto aume leso taratibu ili lisitoke.

Ikishindikana kulirudisha, liwekwe ndani ya maziwa. Uwanda ule hauna ng'ombe wengi, na huenda kijijini maziwa yasipatikane. Basi mtoto ateme mate yake mwenyewe ndani ya kikombe safi na jino litiwe humo. Lisifungwe katika karatasi, wala katika ncha ya kanga. Mfikisheni kwa mtaalamu wa meno ndani ya saa moja mkiweza, na kama haiwezekani nendeni hata hivyo, na muulize pia kama amekwisha kuchanjwa chanjo ya pepopunda. Haya yote ni kwa jino la ukubwani tu. La utoto likitoka halirudishwi, kwa sababu kulisukuma huweza kuijeruhi mbegu ya jino jipya iliyo chini yake.